Viumbe Wadogo wa Mto Njoro

Hotuba kwa wakulima na wafugaji wa Njoro na Nakuru



Mtu avukapo mto Njoro kwa daraja hutazama jambo moja tu, nalo ni kama maji yamejaa au yamepungua. Mwenye ng'ombe hutazama kama mifugo yake itapata kunywa. Mwenye bustani hutazama kama ataweza kunyunyizia mboga zake. Na mama aliyechukua debe hutazama kama maji ni safi au yamechafuka kwa udongo. Haya yote ni mambo ya maana. Lakini chini ya mawe ya mto ule ule wako wakazi wengine, maelfu kwa maelfu, ambao hawatazamwi na mtu, nao ndio wazijuao habari za maji kuliko sisi sote, kwa kuwa hawayaachi usiku wala mchana. Hotuba hii ni habari zao.

Wakazi hao ni viumbe wasio na uti wa mgongo. Maana ya maneno hayo si ngumu. Ng'ombe, kuku, samaki, chura, nyoka na binadamu wote wana uti wa mgongo ndani ya mwili. Kaa, konokono, ruba, nyungunyungu, buibui na wadudu wa kila namna hawana. Katika kila aina mia za wanyama ambazo wataalamu wamekwisha kuziandika duniani, zaidi ya tisini ni za hawa wasio na uti. Basi mtu asemaye kwamba anawajua wanyama kwa sababu amewaona simba, twiga na kifaru katika mbuga ya Nakuru, amesoma ukurasa mmoja tu wa kitabu kinene.

Mto Njoro huanza juu katika msitu wa Mau Mashariki, mahali palipo zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hushuka kupita mashamba na vijiji, ukapita karibu na mji wa Njoro, na baada ya mwendo wa yapata kilometa 50 huingia Ziwa Nakuru, lililo yapata meta 1,760 juu ya bahari. Huko ndiko mwisho wake. Ziwa Nakuru halina mto utokao. Maji yake hupungua hasa kwa kugeuka mvuke katika jua. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu litatuletea fumbo hapo mbele: mto Njoro haufiki baharini hata kidogo.

Kando ya mto huu kuna Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 1939 kilianza kama shule ya ukulima iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton wa Tatton; mwaka 1987 kikafanywa chuo kikuu. Walimu na wanafunzi wake wamekuwa wakishuka mtoni na nyavu na chupa kwa miaka mingi, na mengi yatakayosemwa hapa yametokana na kazi yao.

Majani yaangukayo

Swali la kwanza la mtaalamu wa mto ni lile lile la mwenye nyumba: wakazi hawa wanakula nini? Shambani chakula huota pale pale kwa nguvu za jua. Lakini mto wa msituni una kivuli kingi, na mimea ya majini ni haba. Chakula kikubwa cha mto wa namna hiyo hutoka nje, nacho ni majani ya miti yaangukayo. Jani likianguka majini hulowa, likashikwa na ukungu na bakteria, na likiisha kulainika huliwa. Wako wadudu watafunao jani lenyewe wakaacha vipande. Wako wachujao vipande hivyo kwa nyavu ndogo walizozisuka wenyewe, au kwa nywele za kinywani. Wako wakwanguao ute ulio juu ya mawe. Na wako wawindaji wawalao wenzao. Mtafunaji akikosekana, mchujaji naye hupungukiwa, kama vile kinu kikisimama mwenye chekecheke hana kazi.

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako elimu ya mito ilianza kuandikwa, miti mingi hupukutisha majani yote kwa wakati mmoja kabla ya majira ya baridi, na wadudu watafunao majani huwa wengi sana mitoni. Basi wataalamu walipovitazama vijito vya nyanda za juu za Kenya walitazamia kuona mambo yale yale. Hawakuyaona. Mwaka 2002 Michael Dobson kutoka Uingereza na wenzake wa Kenya, miongoni mwao Adiel Magana na Jude Mathooko wa Egerton, walichapisha habari za uchunguzi wao, wakasema kwamba watafunaji waliowapata walikuwa wachache mno.

Hapo lilitokea jambo la kushangaza. Majani yalikuwa yakianguka kila siku, wala hayakujaa mtoni hata kuuziba. Mwaka 2000 Mathooko na wenzake walikuwa wamekwisha kuandika namna majani ya mti mmoja wa jamii ya mzambarau, uotao kandokando ya maji, yanavyooza katika kijito cha Bonde la Ufa. Majani yalikwisha. Nani alikuwa akiyala? Bakteria na ukungu hufanya sehemu yao, na katika nchi zenye joto hufanya haraka. Lakini mshukiwa mkubwa alikuwa mkazi mwingine, mkubwa kuliko wadudu wote, naye ni kaa.

Habari zake zitafuata. Kwanza yafaa kusema kwamba shauri la watafunaji halikukatwa mwaka ule wa 2002. Frank Masese na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Egerton, walikwenda upande wa pili wa milima ya Mau, penye vijito viendavyo mto Mara. Hao hawakuridhika kuwapanga wadudu kwa kufuata vitabu vilivyoandikwa ng'ambo. Waliyapasua matumbo ya wadudu wenyewe wakatazama kwa hadubini kilichomo. Mwaka 2014 walitangaza kwamba watafunaji wa majani ni wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa, hasa katika vijito vyenye msitu na maji ya baridi, na kwamba penye mashamba hupungua. Wadudu fulani, ambao vitabu vya ng'ambo havikuwahesabu kuwa wala majani, hapa petu walikutwa na majani tumboni. Hayo ndiyo mabishano ya wataalamu yaliyo na faida: hakuna aliyemtukana mwenziwe, na mwisho wake watu wakajua zaidi.

Kaa asiyeijua bahari

Watu wa pwani wakisikia kwamba kuna kaa Njoro, wengine hucheka. Kaa ni mnyama wa bahari. Na kutoka Njoro hata Mombasa ni mamia ya kilometa, tena mto wenyewe, kama ilivyokwisha kusemwa, haufiki huko. Hata hivyo kaa wako, na si wachache. Mwaka 2007 Dobson, Magana, Mathooko na mwenzao mmoja walichapisha habari za kaa wa vijito vya Bonde la Ufa katika Kenya, wakaonyesha kwamba kaa huyo ndiye mwenye nguvu kubwa katika maisha ya kijito, kwamba hupatikana mwaka mzima, wala uzazi wake haufuati msimu maalumu. Yeye hula majani, hula wadudu, hula na mizoga. Na fisi maji naye humla yeye.

Amefikaje huku? Jibu lake ni habari ndefu ya mageuzi ya viumbe, ambayo kwa ufupi ni hii. Mababu wa kaa wote waliishi baharini. Zamani sana, mamilioni ya miaka kabla ya kuwapo binadamu, baadhi yao waliingia katika maji matamu, na vizazi vyao vikaendelea huko hata vikawa ukoo mwingine kabisa, usioweza tena kurudi. Wataalamu huwaita kaa wa ukoo huo wa Afrika kwa jina la Potamonautes, maana yake baharia wa mto. Jina zuri, ingawa mwenye jina hajaiona bahari.

Kuhama huko hakukuwa kwepesi, kwa kuwa kaa wa bahari akitiwa katika maji matamu hufa. Damu yake ni ya chumvi kama maji yaliyomzunguka; akiwekwa mtoni, chumvi humtoka na maji humwingia mpaka mwili ukashindwa. Kaa wa mtoni ameshinda taabu hiyo kwa sababu mashavu yake ya kuvutia pumzi huweza kuokota chumvi kidogo kidogo iliyomo mtoni na kuiingiza mwilini bila kukoma.

Taabu ya pili ilikuwa ya watoto. Kaa jike wa bahari hutaga mayai madogo kwa maelfu mengi, na watoto huelea baharini majuma kadhaa, wakiwa hawana umbo la kaa hata kidogo, wakichukuliwa na mikondo. Desturi hiyo ingekuwa msiba katika mto wa mlimani. Mvua moja ingewafagia wote hata ziwani, na maji ya magadi yangewaua. Kaa wa mtoni hutaga mayai machache, makubwa, yenye akiba ya chakula ndani yake. Mtoto hukaa ndani ya yai mpaka apate umbo la kaa, na akiisha kutoka huendelea kushikamana chini ya tumbo la mama kwa muda. Wazazi waliotaga mayai mengi na madogo walipoteza watoto wao. Waliotaga machache na makubwa, watoto wao walibaki, nao wakarithi desturi hiyo. Hivyo ndivyo viumbe wabadilikavyo. Hakuna kaa aliyekaa akafanya shauri, bali mto wenyewe ulichagua, kizazi baada ya kizazi.

Wadudu wa majini wamekuja kwa njia nyingine. Mababu wa wadudu wote walitoka katika viumbe wa majini wa jamii ya kamba na kaa, wakapanda nchi kavu zamani sana. Kisha baadhi ya uzao wao wakarudi majini. Ndiyo sababu kereng'ende huanza maisha yake chini ya maji na kuyamaliza hewani. Katika mto Njoro yuko na mdudu mmoja mdogo, mwenye mwili bapa na mara nyingi mikia mitatu, ambaye hushikilia jiwe penye maji ya kasi. Ubavuni ana vijani vyembamba vya kuvutia pumzi. Hukaa majini kwa majuma au miezi, kisha hupata mabawa, akaruka jioni pamoja na wenzake, akaoa, akataga mayai na kufa. Aina nyingi haziishi hewani zaidi ya siku moja au mbili, wala mkubwa hali kitu, kwa maana hana kinywa kifaacho kulia. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wameona mawingu ya wadudu wa namna hii na ya jamaa zao, na wengi hudhani ni moshi.

Kaa na usubi

Labda yuko asikiaye hayo akauliza: tumbo la mdudu na mayai ya kaa yanamsaidia nini mtu mwenye ekari mbili za mahindi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilipatikana katika Kenya yenyewe.

Katika mabonde ya magharibi ya Kenya, hasa Nyanza, palikuwa na ugonjwa wa macho uliowapofusha watu wengi. Huletwa na mnyoo mwembamba sana, ambao hutiwa mwilini na usubi, yule mdudu mdogo mweusi aumaye mchana kando ya mito. Mnyoo huzaa watoto wengi, nao hutembea chini ya ngozi na kufika machoni. Usubi wa Nyanza uliokuwa ukieneza ugonjwa huu ulijulikana kwa jina la Simulium neavei. Watu walimwona akiuma, walimkamata, walimpasua. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua anazaliwa wapi. Mabuu ya usubi wa aina nyingine huonekana kwa urahisi, yameshikamana na mawe na majani ndani ya maji ya kasi. Ya huyu hayakuonekana. Mito ilitafutwa jiwe kwa jiwe bila kupata kitu.

Mwaka 1950 van Someren, mtaalamu wa samaki, na McMahon, mtaalamu wa wadudu, walitangaza jibu. Mabuu yalikuwa juu ya mgongo na miguu ya kaa wa mtoni. Usubi mchanga hupanda kaa kama abiria, akachukuliwa kila mahali, wala hamli kaa. Huchuja chakula chake katika maji yapitayo. Tena walionyesha kwamba usubi wa aina nyingine hupanda watoto wa wale wadudu bapa waliotajwa sasa hivi. Miaka yote ile watu walikuwa wakigeuza jiwe, na kaa akikimbia, humwacha aende zake; kumbe yeye ndiye aliyekuwa amechukua kitu walichokitafuta.

Kabla ya hapo, mwaka 1946, Garnham na McMahon walikuwa wamekwisha kutia dawa ya DDT katika mito ya bonde la Kodera, na usubi ukatoweka huko. Sasa, kwa kuwa mahali pa kuzaliwa palijulikana, kazi iliweza kupimwa: kaa walikamatwa na kutazamwa mto kwa mto, na wakionekana hawana abiria, ilijulikana kwamba dawa imefanya kazi. Mwaka 1958 McMahon, Highton na Goiny waliandika habari za kumalizwa kwa Simulium neavei katika Kenya. Watoto waliozaliwa baadaye katika mabonde hayo walikua na macho yao.

Ni haki kusema na upande wa pili. Dawa ya DDT iliua pia viumbe wengi wasio na kosa, na baadaye ikajulikana kwamba hudumu muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Nchi nyingi zimeikataza mashambani. Watu wa Njoro wasihofu kwa habari hii ya upofu. Ugonjwa ule haukuwa wa huku, na usubi wa mto Njoro, ingawa huuma, si ule.

Miguu ya watu na ya mifugo

Sasa turudi darajani. Mwaka 2001 Jude Mathooko alichapisha uchunguzi ambao mtu ye yote angaliweza kuufanya kama angalikuwa na saburi: alitazama watu na mifugo waingiao mto Njoro kila siku, saa kwa saa. Wako wachotao maji kwa punda, wako wafuao nguo, wako waogao, na wako ng'ombe, kondoo na mbuzi waletwao kunywa. Kila mguu ukanyagao chini ya mto hugeuza mawe na kuamsha matope. Wadudu waliokuwa wameshikilia jiwe hung'olewa wakachukuliwa na maji, na matope yakitua tena huziba nafasi zilizo kati ya mawe, ambazo ndizo nyumba zao.

Mwaka 2008 Yillia, Kreuzinger na Mathooko waliongeza jambo lililo karibu zaidi na afya ya watu. Walipima bakteria zitokazo katika mavi ya watu na wanyama, wakakuta kwamba zinaongezeka sana majini wakati watu na mifugo wamo mtoni. Baadhi huletwa na kinyesi kipya, na nyingine zilikuwa zimelala katika matope ya chini zikaamshwa na miguu. Kwa hiyo maji yaliyochotwa alfajiri, kabla ya ng'ombe kushuka, si sawa na maji yaliyochotwa mahali pale pale saa sita ya mchana, ijapokuwa kwa macho huenda yakafanana. Mama achotaye mchana chini ya mahali pa kunyweshea mifugo humpelekea mtoto wake ugonjwa wa kuhara bila kujua. Kuyachemsha maji hayo ni lazima, wala si shauri la hiari.

Si haki kumlaumu mchungaji. Ng'ombe lazima wanywe, na pasipo na bomba wala birika, mto ndio uliopo. Lakini vijiji vingi vinaweza kupatana juu ya mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: mahali pa kunyweshea pawe chini, na mahali pa kuchota pawe juu, na penye uwezo, maji yavutwe kwa mfereji au kwa pampu hata birika lililo mbali kidogo na ukingo, ili ng'ombe wasiingie mtoni kabisa. Nyasi na miti ya asili ya ukingoni ikiachwa, udongo wa shamba hausukumwi wote majini na mvua, na majani hupata mahali pa kuangukia.

Juu ya haya kuna jambo kubwa zaidi, ambalo birika haliwezi kuliponya. Mwaka 2001 Serikali ilitoa zaidi ya nusu ya hifadhi ya msitu wa Mau Mashariki igawanywe kuwa makazi na mashamba. Familia nyingi zilipata ardhi, na kwa watu waliokuwa hawana mahali hilo halikuwa jambo dogo. Lakini msitu ule ndio chimbuko la Njoro. Sehemu ya chini ya mto hukauka nyakati za kiangazi, na mvua ikinyesha maji huja kwa kishindo yakiwa mekundu kwa udongo. William Shivoga wa Egerton alilinganisha mto Njoro na kijito cha Baharini, ambacho hutoka katika chemchemi na kutiririka mwaka mzima hata Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 alionyesha namna desturi ya maji, yaani kukauka kwake na kufurika kwake, inavyoamua ni viumbe gani watakaokaa. Penye maji yakatikayo, hubaki wale wawezao kurudi upesi: wenye mabawa wa kutaga upya, na waliosalia katika vidimbwi vya juu. Wale wa polepole hupotea kwanza.

Ziwani

Mwisho wa mto kuna maji ya namna nyingine. Ziwa Nakuru ni la magadi, na wanyama wengi wa mtoni hawawezi kuishi humo. Lakini wachache waliozoea magadi wamo kwa idadi isiyohesabika: viumbe vidogo viitwavyo rotifera, ambavyo huonekana kwa hadubini tu, na mabuu ya visubi wasiouma yakaayo matopeni. Baadhi ya rotifera hao ni wa jamii ya Brachionus, ambao ndugu zao hufugwa katika nchi nyingi ili kulisha vifaranga vya samaki wa bahari. Tena ndipo kaa wa mtoni na rotifera wa ziwani wanapofundisha mambo mawili tofauti: mmoja amejifunza kuishi pasipo chumvi, na mwingine huistahimili chumvi nyingi.

Mtu aliyefungua mlango wa elimu ya maji haya ni bibi mmoja Mwingereza, Penelope Jenkin. Mwaka 1929 alikuja Kenya kuyachunguza maziwa ya Bonde la Ufa, kati yake Naivasha, Elmenteita na Nakuru. Baadaye alichunguza pia mwani mdogo wa bahari ya Uingereza, na mwaka 1957 akachapisha kazi kubwa juu ya namna heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, wanavyokula. Heroe huinamisha kichwa mpaka mdomo ukawa juu chini. Ulimi huenda mbele na nyuma kama bomba, ukivuta maji na kuyatoa. Na ndani ya mdomo mna vichujio. Heroe mdogo ana vichujio vya tundu ndogo sana, vinavyonasa mwani. Heroe mkubwa ana vya tundu pana, vinavyonasa mabuu na viumbe wengine wadogo. Hivyo ndege wawili husimama katika maji yale yale bila kunyang'anyana.

Miaka ya 1970 Ekkehard Vareschi, Mjerumani, aliyapima haya yote tena kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mwani wa ziwa ulipungua ghafula, na jamii yote ya ziwa ikabadilika. Kabla ya hapo samaki mdogo wa Ziwa Magadi alikuwa ameletwa, kuanzia mwaka 1953, ili ale mabuu ya mbu. Baadaye wakaja wari wengi kumla samaki huyo, jambo ambalo halikuwa katika shauri la walioleta. Na tangu yapata mwaka 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, yakafunika barabara na lango la zamani la mbuga. Magadi yakapungua nguvu, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Atakaye kuyaona haya kwa macho yake hahitaji hadubini. Achukue beseni jeupe na kipande cha chandarua kilichofungwa katika fimbo mbili, aende mtoni asubuhi penye maji ya kasi yasiyopita magoti. Atie chandarua chini ya mkondo, mwenziwe ageuze mawe mbele yake kwa mkono kwa dakika mbili au tatu, kisha waliyoyapata wayamimine katika beseni lenye maji. Wakiona wale wadudu bapa wenye mikia, na wadudu waliojijengea nyumba za mchanga au vijiti, maji yana hewa ya kutosha na taka zake si nyingi. Wakiona funza wekundu na minyoo myembamba peke yake, maji hayo yana uchafu mwingi wa kuoza, kwa kuwa funza hao ni wekundu kwa sababu ya damu yao, inayoweza kushika hewa hata mahali ilipo haba. Baada ya kutazama, vyote virudishwe majini. Akionekana kaa jike aliyekunja mkia wake juu ya mayai au juu ya watoto, asishikwe muda mrefu. Awekwe chini ya jiwe lile lile alilotolewa.